Safari ya kutafuta kaburi la babu: nilichokiona njiani kutoka Mbezi hadi kambi ya manamba Korogwe

Najua wengi mnapita hapa kuangalia nani kaachana na nani na nani katoa ngoma mpya. Leo mnivumilie kidogo. Nina stori ya safari, na ndani yake kuna historia ambayo shuleni niliipita kwa kukariri tu. "Manamba ni wafanyakazi waliochukuliwa mikoa ya mbali kwenda kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge." Nukta. Nikaandika hivohivo kwenye mtihani wa kidato cha nne, nikapata alama zangu, nikasahau. Sikujua kwamba lile swali lilikuwa linamuulizia babu yangu.

Ilianza kwa simu. Mama alipigiwa na mtu wa Korogwe kwamba shamba flani la mkonge (jina naliacha) ambalo lilikuwa limelala miaka mingi sasa linafufuliwa. Bei ya mkonge imekuwa nzuri, trekta zimeanza kusafisha mapori. Wenye makaburi yao kule waende wakayaonyeshe yawekewe alama, maana trekta haijui kaburi.

Babu yangu mzaa mama kazikwa kule tangu mwaka 1983. Mama hajawahi kuliona hilo kaburi, wakati huo alikuwa binti yuko Njombe kwa bibi. Katika ukoo mzima aliyewahi kuliona ni mtu mmoja tu, mdogo wake babu. Sisi tunamwita Babu Mdogo. Ana miaka 81, anakaa Mbagala, jicho moja halioni vizuri na lingine linamsaidia. Mimi ndo sina ajira ya kueleweka kwenye familia, kwa hiyo nikapewa kazi ya kumsindikiza.

MBEZI: "HAMJAMBO HUMU NDANI?"

Tulipanda basi stendi ya Magufuli pale Mbezi Luis saa kumi na mbili asubuhi. Babu Mdogo kaingia, kashika siti ya kwanza, akasimama. Akasema kwa sauti, "Hamjambo humu ndani?"

Kimya. Watu zaidi ya arobaini, nusu wana vitu masikioni. Mtoto mmoja wa shule ndo alijibu, "Shikamoo babu." Mzee akaitikia marahaba, akatafuta siti yetu akakaa. Mimi niliona aibu, na naomba niwe mkweli, aibu yangu ilikuwa kwa ajili yake. Niliona kama katuabisha kwa kusalimia basi zima.

Tulipofika Kibaha akafungua mfuko wake. Kabeba viazi vya kuchemsha na chumvi kwenye karatasi. Akamgeukia dada aliyekaa upande wa pili, "Karibu mama." Yule dada akatabasamu akatingisha kichwa. Akampa kaka wa mbele, naye akakataa. Dakika mbili baadaye konda akasimama na kutangaza, "Abiria, tunawakumbusha, usipokee chakula wala kinywaji kutoka kwa mtu usiyemfahamu." Yaani kama alikuwa anamsema mzee wetu. Si unajua mambo ya kuwekewa dawa, mtu analala Chalinze anaamkia hospitali hana simu wala begi. Konda hakukosea. Yule dada naye hakukosea. Babu Mdogo akafunga viazi vyake.

"Mwaka 1961," akaniambia, "mimi nimepita njia ya huku nikiwa juu ya lori. Tulikuwa vijana kama arobaini, hatujuani. Kila mtu kapewa blanketi. Tulikula ugali sufuria moja toka Iringa mpaka Korogwe."

Nikajisemea, eeh, hapo sasa. Arobaini wa lori na arobaini wa basi. Nikaanza kuandika kwenye simu. Nilidhani nimepata makala rahisi, ile ya zamani watu walipendana, siku hizi tumeharibika, kwisha habari. Ngojeni muone.

CHALINZE: MICHE 62

Basi likakata kulia Chalinze kuelekea Segera. Hapa ndo niwape historia yenyewe, maana bila hiyo huwezi kuelewa utakachokiona mbele.

Mkonge si mmea wa kwetu. Asili yake ni Mexico. Mwaka 1893 Mjerumani mmoja mtaalamu wa kilimo, Dk. Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 kupitia Florida kule Marekani. Ikapita Hamburg, ikapanda meli, na mingi ikafia njiani. Iliyofika hai ilikuwa 62. Ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Wadau, kilimo cha mkonge mnachokiona mkipita Kabuku, Muheza, Korogwe, mpaka Kilosa kule, kilianzia kwenye ile miche 62.

Mwaka huohuo 1893 Wajerumani walianza kujenga reli kutoka Tanga. Kampuni iliyoanza ilifilisika njiani, serikali yao ikaichukua. Reli ikafika Korogwe mwaka 1902 na Moshi mwaka 1911. Mkonge unahitaji reli kwa sababu majani yake ni mazito, na ndani ya jani singa ni kidogo sana, sehemu kubwa ni maji na nyama ya jani. Unakata majani, unayafunga mabunda, kila bunda majani 30, unayapeleka kwenye mashine inayoitwa korona. Mashine inaponda, singa zinatoka, zinaanikwa juani, zinapigwa brashi, zinafungwa marobota, zinakwenda bandarini Tanga. Kamba za meli, magunia, uzi wa kufungia ngano Ulaya na Marekani, vyote hivyo vilitoka hapa.

Vita Kuu ya kwanza ikaisha, Wajerumani wakanyang'anywa mashamba, yakanunuliwa na Waingereza, Wagiriki, Wahindi. Tanganyika ikawa ya kwanza duniani kwa mkonge. Mwaka 1951, wakati wa vita ya Korea ambapo kila nchi ilikuwa inatafuta kamba, mkonge peke yake uliingiza zaidi ya nusu ya fedha za mauzo ya nje ya nchi nzima. Watu zaidi ya 100,000 walikuwa wanafanya kazi kwenye mashamba hayo.

Sasa hao watu walitoka wapi? Wenyeji wa Tanga, yaani Wasambaa, Wabondei, Wazigua, Wadigo, wengi walikuwa na mashamba yao wenyewe na hawakuwa na haja ya kukata mkonge kwa bei ile. Kwa hiyo mabwana shamba walitafuta watu wa mbali. Mkoloni alikuwa ameweka kodi ya kichwa. Kijana wa Njombe, Kigoma au Songea, sehemu isiyokuwa na zao la biashara wala reli ya maana, ile hela ya kodi ataitoa wapi? Atapanda lori. Wengine walitoka Rwanda, Burundi na Msumbiji. Mwaka 1944 wenye mashamba wakaunda chombo chao maalumu cha kuandikisha watu, kiliitwa SILABU. Ukiandikishwa unapewa namba. Kutoka kwenye hiyo namba likazaliwa jina manamba.

Babu yangu aliandikishwa mwaka 1955. Mdogo wake akamfuata mwaka 1961, miezi michache kabla ya Uhuru.

KABUKU MPAKA SEGERA: MZEE ANANIKATA MANENO

Baada ya Mkata unaanza kuona mistari ya mkonge. Mwanzoni unaona michungwa na watoto wanaopunga mifuko ya machungwa barabarani, halafu ghafla uwanda wote umechanwa kama nywele za kusukwa. Babu Mdogo akaniomba nimwambie rangi yake.

"Rangi gani?"

"Mkonge ni wa kijani au wa njano?"

Nikamwambia kuna sehemu kijani, kuna sehemu magugu yameushinda, na maua yake marefu yamesimama kama nguzo za umeme. Akaguna. "Ukiona nguzo zimesimama ujue umeachwa. Mkonge ukitoa nguzo umezeeka, unakufa. Sisi nyapara asingekubali."

Nikaona hapo ndo pa kuingilia. Nikamwambia, babu, inaonekana enzi zenu mambo yalikuwa yamenyooka, watu wanafanya kazi, wanaelewana, hakuna kuibiana kwenye basi. Akanigeukia na lile jicho moja.

"Nani kakwambia?"

Akaanza kunihesabia. Kuamka gizani. Mwiba wa ncha ya jani unaingia kwenye jicho (na mimi ndo nikajua jicho lake liliharibika vipi, miaka yote hiyo nilidhani ni uzee). Maji ya mkonge yanawasha ngozi mpaka inachubuka. Kipande, ile kadi yenye siku 30, ambayo siku haiandikwi kama hujamaliza mabunda yako. Ukikata pungufu umefanya kazi bure. Nyumba moja ya kambi watu sita, mlango mmoja. Na watu wenyewe kambini walipangwa kwa makabila, Wabena huku, Waha kule, Wamakonde kule.

"Na unajua kwa nini tulikula sufuria moja?" akauliza. "Kwa sababu tulipewa sufuria moja."

Nilinyamaza mpaka Segera. Ile makala yangu rahisi ikafia Kabuku.

Lakini mzee hakuishia hapo, na hili ndo ningependa msomaji uling'ang'anie. Alisema kwamba kwa sababu walikuwa wamefungwa pamoja, ilibidi wajifunze kusaidiana, na vitu walivyovianzisha wao wenyewe ndo vilikuwa vizuri. Bwana shamba aliwapa blanketi na unga. Wao wakajitengenezea mengine. Jumapili ngoma: Wamakonde na sindimba yao, watu wa Nyasa na mganda, na zamani zaidi wazee wa Tanga walikuwa na beni, zile ngoma za kuiga bendi za jeshi zenye makundi ya kushindana, Marini na Arinoti. Timu ya mpira ya kambi, inacheza na kambi jirani. Mwisho wa mwezi wakipata hela wanadandia treni kwenda Tanga mjini kusikiliza dansi. Tanga ya wakati huo ilikuwa si mchezo, kulikuwa na Atomic Jazz, kulikuwa na Jamhuri Jazz, na taarab za Black Star na Lucky Star. Nyinyi mnaopenda muziki mnajua Tanga imetoa nini.

Na chama cha wafanyakazi. Mwaka 1958 wafanyakazi wa shamba la Mazinde, kule mbele ya Mombo, waligoma kwa wiki nyingi. Watu walewale waliopewa namba badala ya majina. Babu yangu alikuwepo Korogwe wakati huo na Babu Mdogo anasema walichangishana mahindi kuwapelekea.

Na chama cha kuzikana. Hiki ndo kilikuwa muhimu kuliko vyote. Manamba anaogopa kitu kimoja, kufa ugenini azikwe kama mbwa. Kwa hiyo Wabena wakawa na chama chao. Kila mwezi unatoa kidogo. Ukifa, sanda ipo, mbao zipo, watu wa kuchimba wapo, na kuna mtu ameteuliwa kuandika barua nyumbani kwenu.

KOROGWE: STESHENI

Korogwe ndo pale mabasi ya Moshi na Arusha yanapochimba dawa na kula. Konda anapiga kelele dakika kumi na tano, watu wanakimbilia chipsi kuku. Sisi tulishuka moja kwa moja. Babu Mdogo akataka kwanza aende stesheni ya reli.

Zamani mji ulikuwa unaamka kwa treni. Mama lishe wanapika kulingana na treni, barua zinakuja na treni, magazeti yanakuja na treni, bibi harusi anakuja na treni. Mwaka 1963 ikaunganishwa reli ya Tanga na reli ya kati pale Ruvu, ikawa unaweza kupanda Korogwe ukashuka Dar. Miaka ya 1990 treni ya abiria ikasimama. Ilirudi Disemba 2019, baada ya kama miaka 25. Mimi nafurahi imerudi na nawapa hongera zao. Ila miaka 25 ni mingi. Mtoto aliyezaliwa treni ikisimama amekuwa mtu mzima wa rika langu bila kujua kwamba stesheni ni mahali pa kukutana. Siku hiyo haikuwa ya treni, na pale palikuwa na mbuzi wawili na kijana mmoja amelala kwenye benchi.

Kilichotokea ni nini? Kuna watu ukiwauliza watakwambia ni Azimio la Arusha, mashamba yalitaifishwa mwaka 1967 yakaharibika. Wengine watakwambia ni wazungu waliondoka na mashine. Ukweli ni kwamba kulikuwa na vitu vingi vilivyogongana. Kilele cha uzalishaji kilikuwa mwaka 1964, tani kama 230,000. Katika miaka hiyohiyo wazungu wakaanza kutengeneza kamba za plastiki, bei ya mkonge ikaporomoka, na mashamba yakaanza kupunguza watu hata kabla ya kutaifishwa. Mkonge unahitaji kupandwa upya kila baada ya miaka kadhaa, na bei ikiwa mbaya hakuna anayepanda. Shirika la umma likachukua mashamba ambayo tayari yalikuwa yanachoka, na lenyewe likawa na matatizo yake ya uongozi. Ikaja vita ya Kagera, ikaja miaka ya foleni ya sukari na sabuni, vipuri hakuna, mafuta hakuna. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1990 nchi nzima ilikuwa inatoa tani kama 20,000. Kutoka 230,000 hadi 20,000. Hata Tanga mjini kwenyewe kiwanda cha mbolea kilizimwa mwanzoni mwa miaka hiyo ya 1990.

Sasa jiulize, pale tani zinapopungua, ni nini kingine kinapungua ambacho hakiandikwi kwenye vitabu?

KAMBINI

Tulichukua bodaboda mbili. Njia inapita katikati ya mkonge, halafu pori, halafu inatokea kambi. Nitaeleza nilichokiona kwa mpangilio, bila kuongeza chumvi.

Kwanza nyumba ya meneja, juu ya kilima. Kuta zipo, bati hakuna. Ndani umeota mpapai.

Pili korona. Mashine imebaki chuma kisichobebeka tu, chenye kubebeka kimeenda kwa wauza vyuma chakavu. Vireli vya kitoroli vimeng'olewa, ila tuta lake bado lipo, watu wanalitumia kama njia ya mguu.

Tatu zahanati ya shamba. Wanakaa familia mbili. Ukiumwa unatafuta bodaboda, na usiku bodaboda haiji.

Nne uwanja wa mpira. Hapa Babu Mdogo aliniambia nimpeleke mpaka katikati. Goli moja limebaki. Mwaka 1988 Coastal Union ya Tanga ilichukua ubingwa wa Tanzania Bara, na timu kama zile zilikuwa zinapata vijana kutoka kwenye vijiwanja kama hiki, vya kambi na viwanda vyenye mtu wa kununua mpira na jezi. Pembeni ya uwanja kuna kibanda cha mabati. Ndani kuna vijana kama kumi wanaangalia simu, wanaweka mikeka ya ligi ya Uingereza. Nilipiga nao stori. Wananijua timu zote za Ulaya, kikosi mpaka wa akiba. Nikawauliza timu yenu hapa inaitwaje? Wakacheka. Haipo. Mmoja akasema, "Kaka, nani atanunua mpira?"

Naomba mtu asiwacheke. Mimi mwenyewe nina mkeka uliochanika wiki hiyohiyo kwenye simu yangu. Na hawa si wavivu. Asubuhi walikuwa wamekata mkonge, maana kazi imeanza kurudi, wanalipwa kwa kipimo kama zamani. Nikamuuliza mmoja kama ana mkataba. Akaniuliza mkataba wa nini. Babu yangu aliyepewa namba alikuwa na mkataba wa miaka miwili na nauli ya kurudi kwao. Nilikaa na hilo jibu muda mrefu.

MAKABURI

Babu Mdogo aliondoka kambini mwaka 1974 kwenda Dar. Mwaka 1983 simu ya maandishi ilimfikia siku nne baada ya kaka yake kufariki. Mafuta yalikuwa ya shida, akapata lori siku ya sita. Alikuta wameshazika. Wakampeleka, wakamwonyesha, chini ya mwembe. Akaahidi atarudi kujengea. Kila mwaka kukawa na jambo, ada, msiba, kodi ya nyumba. Miaka 40 ikaisha hivohivo. Haya aliniambia tukiwa tumesimama mahali ambapo mwembe ulikuwepo, na mwembe haupo. Ulikatwa mkaa.

Lilikuwa pori. Hapa na pale udongo umeinuka, kuna mawe, hakuna jina hata moja. Ofisi ya shamba tulishapita, kijana wa pale alikuwa mwungwana sana, akatuambia madaftari ya zamani hayapo, yalipotea wakati shamba linabadilisha mikono. Namba zote zile, kipande chote kile, kila siku ikiandikwa, halafu hakuna karatasi hata moja inayosema mtu huyu aliwahi kuwa hapa.

Babu Mdogo alikaa chini. Sikuwahi kumwona mtu mzima akikaa chini namna ile.

Wale vijana wa kibanda cha mikeka ndo waliotusaidia. Mmoja alisema, subirini, yupo bibi. Akaondoka na bodaboda. Akarudi na bibi mmoja mdogo wa umbo, kajifunga khanga mbili, anatembea kwa fimbo. Babu Mdogo akasimama kumsalimia kwa Kiswahili. Yule bibi akamsikiliza lafudhi yake, akasema, "Kamwene."

Mzee akashindwa kujibu. Baadaye sana ndo akajibu, "Kamwene, dada."

Kumbe mume wake alikuwa mwandishi wa kile chama cha kuzikana cha Wabena. Chama kilikufa miaka ya 1990, wanachama wengine walirudi kwao, wengine wamelala palepale. Daftari lilikuwepo mpaka mvua ya El Niño ya 1997 ilipoingia ndani. Lakini yeye alikuwa anapika kwenye misiba yote, na alikumbuka. Alitupeleka taratibu, akawa anataja majina kwenye mawe yasiyo na majina. Huyu wa Makambako. Huyu wa Lupembe. Huyu alikuwa mpiga ngoma. Tulipofika kwenye makaburi matatu yaliyopangana akasimama. "Kaka yako ni mmoja wa hawa watatu. Walikufa mwaka mmoja. Nikikwambia ni lipi nitakuwa nakudanganya."

Tukayasafisha yote matatu. Wale vijana walikuja na mapanga bila kuombwa, wakafyeka mpaka jua likashuka. Tulipotaka kuwapa hela ya soda wakakataa, mmoja akasema, "Babu, hii si kazi, huu ni msiba." Tukapanga mawe, tukaweka nguzo tatu, kijana wa ofisi akaja akapiga picha na kuandika. Babu Mdogo akafungua mfuko wake. Vile viazi vilivyokataliwa kwenye basi vilikuwa bado vipo. Akasema "Karibuni." Vikaliwa vyote, na karatasi ikakung'utwa chumvi.

NILICHOJIFUNZA MIMI

Kwenye basi la kurudi nilikuwa nasikiliza watu wawili nyuma yangu wanalalamika kwamba vijana wa siku hizi hawana adabu, utu umeisha. Zamani ningekubali. Sasa hivi nina swali.

Utu haukuisha pale kambini, niliuona kwa macho yangu na panga mkononi. Kilichoisha ni vitu vilivyokuwa vinaubeba: treni inayokutanisha watu, uwanja wenye mpira, zahanati, chama cha wafanyakazi, daftari la kuzikana. Vyote vilikuwa vimeegemea kwenye zao moja na bei yake, na bei ilipoanguka kule ng'ambo, huku vikaanguka kimoja kimoja na hakuna aliyevisimamisha tena. Ukipita na basi kwa mwendo wa kasi utaona bati zilizong'olewa na vijana wenye simu, utasema jamii imeoza. Ukishuka utaona zaidi.

Na sitaki tudanganyane kwamba enzi zile zirudi. Jicho la Babu Mdogo limebaki kule. Mkonge sasa unarudi, uzalishaji umepanda tena kupita tani 30,000 kwa mwaka, na kuna wakulima wadogo wenye mashamba yao wenyewe, jambo ambalo babu yangu asingeliota. Hiyo ni habari njema. Wasiwasi wangu ni kwamba tunarudisha mkonge, na yale mengine hatujayataja. Nani ananunua mpira? Nani ana mkataba? Nani anaandika daftari?

Mama nilimpelekea picha ya makaburi matatu. Aliniuliza lipi. Nikamwambia yote. Akanyamaza kwenye simu, halafu akasema basi mwakani twende na simenti ya kutosha matatu.

Kama na wewe babu au bibi yako alikuwa manamba, iwe Tanga, Kilosa, Morogoro au Lindi, tuandikie hapo chini alitoka wapi na alikuwa shamba gani. Jina lake liandike kamili. Bibi yule ana umri mkubwa, na kule Korogwe aliyebaki anayejua majina ni yeye peke yake.